Harufu Iliyonaswa na Uzi

Kwanza nikuambieni habari za uzi, maana bila uzi huu hapana kisa, na Hadiya hadi leo angekuwa analala usingizi wake akiamini anayoyaamini.

Uzi wenyewe si wa kushonea. Ni mwembamba mfano wa unywele, mfupi kama punje ya mchele, na umefichwa ndani ya sindano. Umepakwa dawa ya kunasa harufu. Unatwaa kichupa cha kioo, unakitia maji nusu, unakifunga kwa kifuniko cha mpira na kukipasha moto taratibu. Kisha unautoboa mpira kwa sindano, unausukuma uzi utokeze, ukae pale juu ya maji bila kuyagusa kwa muda wa nusu saa. Chochote kilichomo majini chenye harufu hupanda kikaenda kujibandika kwenye uzi. Ukimaliza, unaurudisha ndani ya sindano na kuidunga sindano kwenye mashine. Mashine inaupasha uzi moto mpaka uteme vyote ulivyovimeza, na kwenye kioo cha kompyuta vinachomoza vilima, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na jina lake. Petroli ina vilima vyake na dawa ya mbu ina vyake. Huwezi kuubembeleza uzi ule, wala kuutia haya, wala kuuambia kwamba huyu ni mkubwa wako mnyamazie.

Hadiya alikuwa bingwa wa uzi. Alifanya kazi katika maabara ndogo ya watu binafsi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua chache kutoka Kona ya Musa. Mkubwa wake, Harrison Kalama, alikuwa mtu wa masharti, na sharti la kwanza lilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: hapaingii manukato. Hapaingii udi, hapaingii asumini, hapaingii mafuta ya nywele yenye harufu. Rispah, mwenzake aliyetoka bara, hakuona taabu yoyote. Lakini mwambie mwanamke wa kijiji cha Majoreni, kwao Hadiya, asifukize nguo zake! Hadiya alikaa miaka minne bila udi. Akienda harusini wanamnusa na kumuuliza kama amefiwa. Alivumilia, kwa sababu kazi ile aliipenda, na kwa sababu aliyemfikisha hapo alikuwa Mamkubwa Maimuna, na Mamkubwa alitembea Majoreni nzima akijigamba kwamba mwanawe anapima vitu ambavyo macho hayavioni.

Mamkubwa Maimuna alikuwa dada wa mamake Hadiya. Mama alipofariki, Hadiya alikuwa na miaka mitano, na Bi Maimuna na mumewe, marehemu Mbwana, hawakuwa wamejaliwa mtoto. Wakamchukua. Bi Maimuna alimlea kwa mikono miwili, akamsuka, akamfundisha kusoma, akakesha naye kwenye homa. Ukimuuliza Hadiya hapa duniani anamwamini nani, alikuwa hana haja ya kufikiri.

Sasa njoo kwenye kisima. Majoreni pana kisima kilichochimbwa na Mbwana huyo huyo, kwa jembe na sululu yake mwenyewe, mwaka aliokwenda kuhiji. Aliponyanyuka kutoka shimoni aliwaambia watu: hiki ni sadaka, asiulizwe mtu wala asifukuzwe mtu. Nusu ya kijiji wanateka hapo, na watoto wa chuoni, wanaosoma Kurani, wanateka hapo. Halafu ikajengwa pampu ya mafuta kule juu barabarani, na mwaka wa tatu watu wakaanza kusema maji yananukia. Si kila siku. Asubuhi zaidi, ndoo ya kwanza. Wengine wakasema ni kamba mpya, wengine wakasema ni mdomo wa anayesema.

Aliyekataa kunyamaza alikuwa Kanze, jirani, mke wa fundi seremala. Alikuwa na mimba ya miezi minne baada ya kupoteza mbili, na hakutaka mchezo. Aliacha kisima akawa anatembea hadi shule ya mbali kuteka maji ya bomba, kwenda na kurudi kwa mguu, ndoo kichwani na mtoto tumboni. Watu wakamcheka. Siku moja akampigia Hadiya simu.

"Dada Hadiya, wewe ndiwe mwenye mashine. Niambie tu ninywe au nisinywe. Nimechoka kutembea, miguu imenivimba."

Hadiya akaenda kwa Harrison, naye akakubali wapime bila malipo. Alimwambia neno moja tu: "Nenda ukateke wewe mwenyewe. Usimtume mtu." Neno lenyewe lilikuwa jepesi, mtu angedhani halisahauliki.

Aliteremka Majoreni Jumamosi na vichupa sita ndani ya sanduku la barafu. Nyumba ya Mamkubwa ilikuwa na harusi, binti wa jamaa anaolewa, ngoma inalia, biriani inapakuliwa. Alikusudia ateke kwanza ndipo asherehekee. Lakini Mamkubwa alimdaka mlangoni.

"Mikono mitupu namna hiyo? Harusi ya nduguyo! Watu watasema nini? Keti upakwe hina."

"Mamkubwa, nina kazi kisimani."

"Kisima kinakimbia?"

Akaketi. Akapakwa mikono yote miwili, mpaka viwikoni, hina nzito iliyotiwa mafuta ya karafuu, na hina mbichi, mnavyojua, haishikishwi kitu. Kufika alasiri Bi Maimuna akamjia na sanduku la barafu mkononi, akiwa amejifunga leso kiunoni kama mtu wa kazi.

"Mwanangu, hiyo hina yako itanuka kwenye vichupa, au siyo? Si ulinambia uzi wenu hautaki harufu? Nipe nikateke mimi. Nioneshe tu."

Hadiya alicheka kwa furaha. Alimwona Mamkubwa ni hodari, mzee wa watu asiyejua hata kuwasha kompyuta, na bado amekumbuka sharti la maabara. Akamwelekeza: jaza nusu, funga upesi, kaza sana. Bi Maimuna akarudi na vichupa vyote sita vimejaa nusu sawasawa, vimefungwa kwa nguvu, vimepangwa juu ya barafu. Hadiya akambusu mkono.

Jumatatu asubuhi akaanza kazi. Alipima kwanza kichupa kitupu, kama ilivyo desturi, ili ajue mashine haina uchafu wake. Kikatoka safi. Kisha akapima maji. Akakaa mbele ya kioo, roho juu, akisubiri vilima vya petroli. Havikutokea. Kichupa cha kwanza, hamna. Cha pili, hamna. Badala yake palitokea vilima vingine vidogo vidogo, vya vitu vitamu, vitu vya utomvu wa miti na maganda ya machungwa, na kimoja kirefu kidogo ambacho hakuwahi kukikuta ndani ya maji.

Yallah! Alishtuka, lakini si kwa sababu mnayoidhani. Aliwaza: ni mimi. Ni harusi. Ni buibui langu lililotundikwa chumba kimoja na chetezo cha udi siku nzima, ni hina yangu, nimeingia na manukato humu ndani. Akanusa mikono yake, na kweli hina bado ilikuwa inanukia. Akamtazama Harrison aliyekuwa ameinama mezani kwake, akaona aibu ikimpanda hadi masikioni. Miaka minne ya kujinyima, halafu Jumatatu moja tu!

Angalifikiri kidogo angalikumbuka kwamba kichupa kitupu kilitoka safi, na kilishikwa kwa mikono ile ile yenye hina ile ile. Lakini mtu mwenye haya hafikiri. Alivifuta vile vilima vidogo kwenye taarifa, akaandika kwamba hapakuonekana mafuta ya petroli wala kitu cha kudhuru. Akatia sahihi.

Mkutano ukaitwa barazani kwa chuo, kando ya kisima. Hadiya alisimama mbele ya watu wake akawasomea. Watu wakashusha pumzi. Ndoo ikatekwa pale pale, ikapitishwa na kata, kila mtu anywe wasiwasi umtoke. Mamkubwa, ambaye hakunywa chombo cha mtu tangu amjue Mungu, alileta kutoka nyumbani sahani yake ya shaba na gilasi mbili zilizofunikwa kwa vitambaa vya kufuma. Moja yake, moja ya mwanawe mgeni rasmi. Hakuna aliyeona ajabu, Bi Maimuna ndivyo alivyo. Wakanywa mbele ya watu. Maji yakateremka kooni kwa Hadiya baridi, matamu, yenye ladha ya nyumbani na ya utotoni, na machozi yakamlengalenga kwa furaha ya kuwa amewarudishia watu kisima chao.

Kanze peke yake alikuwa ameishika kata bila kunywa. Hadiya akamwendea, akamshika mkono uliokuwa umeshika kata.

"Kunywa, Kanze. Nimepima mimi mwenyewe. Kunywa upumzishe miguu."

Kanze akanywa.

Ikapita miezi miwili. Haya sasa, sikilizeni.

Mama mmoja wa Diani, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni za mahotelini, alileta maabara pakiti ya ubani. Alikuwa ametiliwa shaka na wanunuzi, akataka karatasi ya kuonesha kwamba ubani wake ni wa kweli. Kazi ikapewa Rispah. Akaweka punje mbili katika kichupa, akaning'iniza uzi juu yake. Baadaye akapaza sauti.

"Hadiya, hebu kuja uone maneno! Hii kitu imejaa milima hadi inatoka kwa kioo."

Hadiya akaenda huku anacheka. Akainama. Kicheko kikakauka.

Vilima vilikuwa vikubwa mara mia, lakini mpangilio ulikuwa ule ule. Utomvu, maganda ya machungwa, halafu kile kirefu kilichojitenga upande wa kulia. Aliwahi kuvifuta kwa mkono wake, kimoja kimoja, na mtu hasahau sura ya kitu alichokifuta kwa aibu.

"Una nini? Mbona umekuwa hivyo?" Rispah akamuuliza.

Hadiya alirudi kwenye kompyuta yake akafungua kazi ya Majoreni, ile ya asili, kabla ya kufuta. Akaviweka vioo viwili bega kwa bega. Vikalingana. Akageuka akamtazama Rispah.

"Ubani na udi ni vitu viwili," akasema. "Nguo za harusi ile zilifukizwa udi. Udi mtupu. Hina ilitiwa karafuu. Ubani mimi sikuushika."

"Sasa?"

"Ubani kwetu unafukiziwa mtungi."

Rispah hakuelewa, basi akaelezwa, nami nakuelezeni nyinyi msiojua. Nyumba za kwetu zenye watu wa kale hazinywi maji hivi hivi. Mtungi wa udongo unasafishwa, unakaushwa, unapinduliwa juu ya chetezo chenye ubani mpaka moshi uingie ndani ya udongo. Ndipo unatiwa maji. Ukiyanywa yanakunukia kinywani bila kuona chochote. Siku hizi waliobaki wakifanya hivyo Majoreni wanahesabika, na Hadiya aliwajua wote. Na katika wote hao, aliyepewa vichupa sita alikuwa mmoja.

Akaketi juu ya kiti cha Rispah, na alichokumbuka si mtungi. Alikumbuka hina. *Mikono mitupu namna hiyo? Keti upakwe hina.* Lahaula! Alikuwa amefungwa mikono yote miwili huku anacheka, na akaubusu mkono wa aliyemfunga.

Alifika Majoreni kesho yake kabla ya adhuhuri. Hakupiga simu.

"Shikamoo Mamkubwa."

"Marahaba mwanangu! Nuru yangu! Mbona ghafla? Pita, pita, jua hili. Umekula?"

"Naomba maji."

Bi Maimuna akaenda mwenyewe kwenye mtungi pale pembeni mwa ukumbi, akateka kwa kata, akamimina kwenye gilasi, akaileta juu ya sahani. Hadiya akaisogeza puani kwanza. Kisha akanywa kidogo. Ubani ukamjaa kinywani.

"Haya maji ya wapi, Mamkubwa?"

"Ya mtungi. Ya wapi tena?"

"Mtungi unatiwa maji ya wapi?"

Bi Maimuna akaokota uzi usiokuwapo kwenye leso yake. "Ya birika la saruji, la uani. Ya mvua. Matamu, unajua."

"Tangu lini? Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunateka kisimani."

Bi Maimuna akainama kukisawazisha kifuniko cha mtungi.

"Tangu lini, Mamkubwa?"

"Tangu kianze kunuka," Bi Maimuna akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Ndugu zangu, Hadiya alikuwa amejiandaa. Njia nzima alikuwa akijiambia labda bibi huyu alichanganyikiwa, labda kisima kilikuwa na watu akaona taabu kusubiri, labda alidhani maji ni maji. Alimtafutia udhuru kila kijiji alichopita. Na sasa mwenyewe amezipangusa nyudhuru zote kwa maneno matatu.

"Ulijua, basi. Ulijua, na ukanitilia maji ya mtungi kwenye vichupa vyangu. Ukanipaka hina!"

"Nani kakwambia?"

"Mtungi wako umenambia! Walikulipa wale wa pampu? Walikupa nini?"

Hapo Bi Maimuna akasimama, na uso wake ukakunjamana kwa hasira ya kweli. "Mimi? Wanilipe mimi? Hao hawajanipa hata soda! Wewe umenilea wewe au nimekulea mimi? Keti chini!" Hadiya hakuketi. "Mbwana alikichimba kile kisima kwa mikono yake. Siku ya mwisho kitandani alinambia, Maimuna, mimi sina mtoto wa kuniombea. Kisima ndicho mtoto wangu. Kila atakayekunywa, mimi kule nitaandikiwa. Sasa nyinyi mnataka kuja na karatasi mkifukie. Nimzike mara mbili? Enh? Nimzike mara mbili?"

"Hakuwa na mtoto," Hadiya akasema polepole.

"Hakuwa naye."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtoto wa dada yangu," Bi Maimuna akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Lilimtoka tu, kama mtu anayetaja siku ya wiki, na ndiyo maana likauma. Miaka ishirini na sita Hadiya alikuwa akimwombea Mbwana kila baada ya sala, akimwita baba. Hata jana yake alimwombea.

"Thawabu gani hiyo ya kuwanywesha watu petroli?" akauliza, akijikaza. "Atapata nini Mbwana kwa hilo?"

"Harufu kidogo tu. Wazee wetu walikunywa maji ya madimbwi wakafika miaka tisini."

"Mbona wewe huyanywi?"

Bi Maimuna akamsogelea, akanyoosha mkono amguse shavu, na sauti ikalainika ikawa ile ya zamani, ya kubembelezea homa.

"Mwanangu, wewe sikukunywesha. Wallahi, hata tone. Nitakutilia sumu wewe? Nilikutekea ya hapa kwa mkono wangu. Basi na wewe nisitiri. Sema mashine ilikosea. Mashine hukosea, au hazikosei? Nani atakuuliza?"

Hadiya akarudi nyuma hatua moja, mkono ule ukabaki hewani. Akaiweka gilasi juu ya mtungi, ikiwa bado ina maji, akatoka.

Kisimani hapakuwa na mtu, jua lilikuwa kali. Alitoa vichupa sita vipya, akanawa mikono kwa maji safi aliyokuja nayo, akateka mwenyewe, akajaza nusu, akafunga, akakaza. Alipoinamia ndoo harufu ilimpanda puani waziwazi. Miezi miwili iliyopita alisimama hatua kumi kutoka hapo akasoma karatasi, na hakuona haja ya kuinama.

Maabara, uzi haukuchukua hata hiyo nusu saa. Vilima vya petroli vilichomoza kimoja nyuma ya kingine, vinene, mpaka Rispah aliyesimama nyuma yake akashika mdomo. Kile cha kwanza kabisa, ndicho kibaya kuliko vyote, ndicho ambacho daktari yeyote atakwambia kiwe mbali na damu ya mtu, sembuse mwenye mimba. Cha ubani hakikuwapo hata kimoja.

Hadiya akaenda kwa Harrison akamwambia yote. Akamwambia na habari ya kuvifuta vile vilima. Harrison akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilikwambia uteke mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na ungeniambia pana ubani ndani ya maji, ningekuuliza umefikaje. Nisingekugombeza."

"Najua sasa."

"Kuhusu kazi tutazungumza," akasema. "Lakini nenda kwanza ukawaambie. Leo. Hao wanakunywa leo."

Alikuwa ameshampigia Kanze simu mara tatu njiani, haikupatikana. Akampigia imamu, akamwomba azuie watu kuteka na awaite.

Basi wakakusanyika tena barazani kwa chuo, baada ya sala ya alasiri, watu wale wale juu ya mikeka ile ile. Bi Maimuna alikuja. Msidhani alijificha! Alikuja na kuketi kwenye kiti chake, tasbihi mkononi, buibui limepigwa pasi. Alimtazama Hadiya mara moja tu, na macho yake yalikuwa yakimwomba.

Hadiya akasema kisima kina petroli, nyingi, na asinywe mtu wala asiogeshe mtoto. Watu wakanyanyuka kwa makelele. Mzee mmoja akanyoosha fimbo.

"Wewe si ulitusomea hapa hapa kwamba ni safi? Na sahihi yako?"

"Nilisoma. Maji niliyoyapima siku ile hayakuwa ya kisima."

"Yalikuwa ya wapi?"

Hapo ndipo. Angeweza kusema mashine. Ulimi ulikwisha kulianza lile neno, haki ya Mungu, ulikwisha kulianza, maana mtu halelewi miaka ishirini na sita halafu likawa jambo jepesi. Tasbihi ya Bi Maimuna ilisimama.

"Ya nyumbani kwetu," Hadiya akasema. "Ya mtungi uliofukizwa ubani. Sikuteka mimi, na makosa ya kutoteka ni yangu. Aliyevijaza vichupa ni Mamkubwa wangu."

Bi Maimuna hakukana. Aliinamisha kichwa, na shanga zikaanza kwenda tena, moja moja.

Kanze alikuwa amekaa nyuma, mgongo kwenye nguzo, tumbo limekuwa kubwa. Akanyanyuka taratibu kwa kujishika ukuta. Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele ya Hadiya, na hakupaza sauti.

"Siku ile mlikunywa mbele yetu. Wewe na mama yako. Zile gilasi mbili."

"Ndiyo."

"Yako ilinukia nini?"

Hadiya akamtazama Mamkubwa, kisha akamtazama Kanze. Sasa ndipo alipolielewa lile pendo aliloapiwa ukumbini, *wewe sikukunywesha, hata tone*, akaona limewaruka akina nani kabla ya kumfikia yeye.

"Ubani," akasema.

Kanze akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari. Akaweka mkono juu ya tumbo.

"Mimi yangu yalitoka kwenye ndoo," akasema. "Nilisita kunywa. Na wewe ndiwe uliyekuja ukanishika mkono."